Matetemeko Pacha ya Nias

Kwetu Igowole, wilayani Mufindi, bahari haionekani, ila inafika. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi hupanda miteremko ya mashariki na kuacha ukungu na manyunyu juu ya chai, wakati sehemu nyingine za mkoa wa Iringa ni vumbi tupu. Mtu akiniuliza mwanafunzi wa historia wa Nyanda za Juu ana shughuli gani na joto la Bahari ya Hindi, namwonyesha hayo majani.

Shida ni nyaraka. Maboya ya Argo, ambayo huzama hadi mita 2,000 na kuibuka na vipimo vya joto na chumvi, yalianza kusambazwa baharini karibu na mwaka 2000. Kabla ya hapo tunategemea zaidi meli zilizopita huku na kule zikishusha vipimajoto.

Njia nyingine ni sauti. Majini husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, na maji yakipata joto huongeza mwendo. Nyuzi moja ya Selsiasi huongeza mita nne hivi kwa sekunde. Gramu moja zaidi ya chumvi katika kilo ya maji huongeza mita moja na kidogo. Chumvi imo, basi, lakini joto ndilo lenye sauti kubwa. Mwaka 1979 Walter Munk na Carl Wunsch wa Marekani walipendekeza bahari ipimwe hivyo. Januari 1991 Munk na wenzake walishusha vipaza sauti karibu na kisiwa cha Heard, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, na mlio ukasikika hadi pwani zote mbili za Marekani. Mpango uliofuata ulikutana na watetezi wa nyangumi, na sidhani walikosea kuuliza maswali.

Mwaka 2020 Wenbo Wu, Zhongwen Zhan na wenzao walichapisha katika jarida la Science njia isiyohitaji kipaza sauti chochote. Karibu na kisiwa cha Nias, Sumatra, kuna matetemeko pacha: mwamba uleule hukatika mahali palepale, kwa namna ileile, miaka ikiwa imepita. Sehemu ya mtikisiko huingia majini, huvuka kilomita 3,000 hivi kwa nusu saa, hugonga Diego Garcia na kugeuka tena mtetemo wa ardhi, ambao mtambo wa kisiwani huunasa. Pacha wa pili akiwahi kwa sehemu ndogo ya sekunde, maji ya katikati yamepata joto. Kwa miaka ya 2005 hadi 2016 walipata ongezeko la nyuzi 0.044 kwa muongo, zaidi ya makadirio yaliyotokana na Argo.

Unaweza kusema hiyo ni namba ndogo. Kwa bahari nzima ya kina kile, si ndogo hata kidogo.

Kinachonivuta zaidi ni kwamba kumbukumbu zile hazikuwekwa kwa ajili ya bahari. Mtambo uliwekwa kusikiliza ardhi. Sisi wa historia tunaijua furaha hiyo, pale daftari la kodi la mkoloni linapokuja kukueleza habari za njaa. Na kumbukumbu za matetemeko ni za zamani kuliko maboya, kwa hiyo huenda joto la miongo iliyotangulia limelala humo likisubiri wasomaji. Upande wetu bado: kutoka Diego Garcia hadi Lindi kuna zaidi ya kilomita 3,000 nyingine za maji ambazo mstari ule wa Nias haukuzigusa.

Diego Garcia yenyewe ina nyaraka za aina nyingine. Kati ya 1968 na 1973 Uingereza iliwahamisha wakazi wote wa visiwa vya Chagos, ili Marekani ipate kambi ya kijeshi. Wengi walikuwa wajukuu wa watumwa waliotolewa Msumbiji na Madagaska kulima minazi. Ili zoezi lipite kimya, maofisa wa London waliandika kwamba pale hapakuwa na wenyeji, ila vibarua wa mkataba tu. Makaburi ya vizazi kadhaa yalikuwa palepale. Watu wakapakiwa melini, wakashushwa Morisi na Shelisheli, na mbwa wao wakauawa kwa gesi.