Kurudi Kitovuni

Ukimtajia msomaji wa Kiswahili "mikrosetilaiti" za papa, mawazo yake yatapaa hadi angani. Kumbe jina hilo lilizaliwa ndani ya chupa. Miaka ya 1960 wataalamu waliizungusha DNA kwa kasi kubwa, nyingi ikakaa tabaka moja na kidogo ikajitenga kando, mithili ya mfuasi ubavuni mwa bwana wake. Wakaiita setilaiti, yaani mfuasi. Baadaye ikabainika kwamba kilichomo ni herufi zinazojirudia, na marudio mafupi kabisa yakaitwa mikrosetilaiti: CA, CA, CA, tuseme mara 12 kwa papa huyu, mara 15 kwa yule. Washairi wetu wana neno la marudio kama hayo: takriri. Basi ziwe takriri fupi.

Neno "alama", ambalo wataalamu hulitumia kwa takriri hizi, nalo nina shaka nalo. Alama hutiwa, kama ng'ombe anavyopigwa chapa. Takriri haitiwi, husomwa. Papa huzaliwa nazo jozi, moja ya mama, moja ya baba. Kwa hiyo nasema "alama za nasaba". Mtafiti huzisaka, huzijaribu kwa papa wengi, na zile zenye hesabu ileile kwa wote huziacha, kwa kuwa hazimtofautishi yeyote.

Huko Bimini, visiwani Bahamas, tangu 1995 watafiti walikata kipande kidogo cha pezi la kila mtoto wa papa-limau waliyemnasa, kisha wakamrudisha majini. Mama wengi hawakupata kuonekana; takriri zao zilijulikana kwa kulinganisha za watoto. Mwaka 2013 yakatangazwa matokeo: majike wasiopungua sita waliozaliwa hapo kati ya 1993 na 1997 walirudi kuzaa palepale, baada ya miaka 14 hadi 17.

Wataalamu huiita tabia hii kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kupenda nchi ya baba, ilhali arudiye hapa ni mama. Sisi husema mtu kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake. Papa-limau hulishwa tumboni kwa kondo, na mtoto mchanga huonekana na kovu la kitovu kifuani, katikati ya mapezi. Kwake usemi wetu ni kweli tupu: amerudi kitovuni. Na mikoko ya kitovuni, wanamokulia watoto wa papa, ikikatwa, jike huyo atarudi wapi?