Viunzi vya Programu Huria Vinavyounganishwa na Mfumo Unaotumika: Mfano wa Taarifa za Afya Kagera

Mwananchi anapotibiwa katika zahanati ya Wilaya ya Muleba au Bukoba, mkoani Kagera, taarifa zake huandikwa kwanza katika rejesta ya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya (MTUHA); kwa wagonjwa wa nje, rejesta hiyo ni Kitabu Namba 5. Kila mwezi takwimu hujumlishwa na kuingizwa katika DHIS2, mfumo unaofunguliwa kwa kivinjari cha kompyuta na uliosambazwa nchi nzima kufikia mwaka 2013.

DHIS2 ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kwa ushirikiano na wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya BSD, hivyo nchi yoyote inaweza kuusoma, kuurekebisha na kuuongezea bila kulipia leseni.

Mfumo huo umejengwa juu ya viunzi, yaani mikusanyiko ya msimbo uliokwishaandikwa ambao hubeba kazi zinazojirudia, kama vile kumtambua mtumiaji, kusoma kanzidata na kuonesha kurasa. Upande wa seva unatumia lugha ya Java pamoja na Spring na Hibernate. Kurasa za awali zilitengenezwa kwa Struts, na zile za sasa hutengenezwa kwa React. Mabadiliko hayo hayakufanyika kwa siku moja. Kwa miaka kadhaa kurasa za zamani na mpya zilifanya kazi bega kwa bega ndani ya mfumo uleule.

Kinachowezesha hali hiyo ni lango la data la mfumo. Ukurasa mpya hauigusi kanzidata moja kwa moja. Huomba takwimu kupitia lango hilo, kwa akaunti na ruhusa zilezile alizonazo mtumiaji. Data haihamishwi, na ukurasa mpya ukileta hitilafu huondolewa bila kusimamisha kazi nyingine. Kosa la kawaida ni kukiruhusu kiunzi kipya kiwe na utaratibu wake wa kuingia, kwani mtumishi hubaki na nywila mbili, na akihamishwa kituo, moja husahaulika kufungwa.

Kiunzi cha zamani nacho hakiachwi bila matunzo. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani ilidukuliwa kupitia udhaifu wa Struts ambao marekebisho yake yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka huo, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zilivuja. Programu huria hutoa marekebisho bure, lakini lazima awepo mtu wa kuyaweka.

Kagera inaonesha kwa nini mfumo wa aina hii hauwezi kuzimwa kwa ajili ya ukarabati. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Watu sita walifariki dunia, akiwamo mtumishi wa afya, kabla mlipuko haujatangazwa kumalizika tarehe 2 Juni. Katika kipindi kama hicho taarifa inayochelewa kwa siku moja huchelewesha ufuatiliaji wa waliokutana na mgonjwa.

Jiografia nayo ina sauti katika uchaguzi wa kiunzi. Muleba ina visiwa ndani ya Ziwa Victoria, vikiwamo Goziba na Bumbiire. Kurasa za React hupakua msimbo mwingi zinapofunguliwa mara ya kwanza, jambo ambalo ni mzigo pale mtandao unapokuwa dhaifu. Kwa mazingira hayo ipo programu ya DHIS2 ya simu za Android, inayohifadhi taarifa kwenye simu na kuzituma mtandao unapopatikana.

Mifumo ya taasisi za umma huongozwa na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya Mwaka 2019, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA). Ripoti za jumla za kila mwezi hazibebi majina ya wagonjwa. Pale sehemu mpya inapofuatilia mgonjwa mmoja mmoja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022 huhusika, na majaribio yake hufaa kufanywa kwa data ya kubuni, katika seva iliyotengwa na ile inayopokea ripoti za vituo.