Miamba ya Tambiko: Kutoka Umatengo hadi Liuli

Katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga, na katika mwambao wa Ziwa Nyasa ulio chini yake, mawe yanayoheshimiwa zaidi ni miamba ambayo watu waliikuta imekwisha kusimama, nayo ikapata utakatifu wake kutokana na mambo yaliyowafika wenyeji walipokuwa kando yake. Hali ilikuwa nyingine huko Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana, ambako miaka ipatayo 5,000 iliyopita wafugaji wa kale walijenga jukwaa la duara, wakasimika nguzo za mawe na kuzika humo watu wasiopungua 580, wakubwa kwa watoto, bila kuwatenga wachache kwa heshima ya pekee.

Jiwe la Mbuji, mwamba mkubwa sana ulioko Mbinga, hutajwa katika masimulizi ya Wamatengo kuwa mahali pa tambiko, yaani ibada ya kuwaomba na kuwatuliza wahenga kwa sadaka, hasa mvua inapokawia au maradhi yanapozidi. Masimulizi hayo yanaambatana na kumbukumbu ya karne ya 19, wakati mashambulizi ya Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika yalipowasukuma watu wengi kukimbilia milimani, kwa hiyo jiwe lilelile likawa ngome na madhabahu kwa pamoja. Ni vigumu kuzitenganisha kazi hizo mbili, kwa kuwa aliyenusurika mwambani alikuwa na sababu ya kurudi kushukuru.

Huko Liuli, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, jiwe la Pomonda linafanana na mnyama aliyelala akiinua kichwa, na ndani yake mna mapango ambamo Wanyasa, kwa mujibu wa wazee, walijificha wakati wa mashambulizi hayo ya Wangoni. Wajerumani waliona katika umbo la jiwe hilo sanamu ya Misri yenye mwili wa simba, wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen, na ni hapo ambapo tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilipokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Jina la kigeni lilieleza umbo tu, lakini Pomonda ndilo jina lililobeba historia ya waliookoka, nalo ndilo linalostahili kutangulia katika maelezo anayopewa mgeni.