Kisanduku cha intaneti cha televisheni: mambo ya kukagua kabla ya kununua

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue jijini Nairobi na ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, visanduku vinavyoiunganisha televisheni na intaneti huuzwa bega kwa bega na ving'amuzi, rimoti na nyaya. Wanunuzi si wakazi wa miji hiyo pekee. Wasafiri na wachuuzi huvibeba kuvuka mipaka. Bei zake hutofautiana sana ilhali kwa sura vinafanana, na tofauti iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa macho.

Kisanduku si king'amuzi

King'amuzi hupokea mawimbi yanayorushwa angani, ama kwa antena ama kwa dishi. Kilienea Afrika Mashariki wakati wa kuhama kutoka analojia kwenda dijitali: Tanzania ilianza kuzima mitambo ya zamani jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na makubaliano ya kimataifa yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa ukomo wa zoezi hilo.

Kisanduku cha intaneti hakihitaji antena wala dishi. Hupokea filamu, muziki na matangazo kupitia mtandao wa nyumbani au simu, na kila dakika ya kutazama hutumia data. Kwa hiyo familia ambayo haja yake ni taarifa ya habari na chaneli zisizolipiwa yaweza kutoshelezwa na king'amuzi cha antena. Aidha, televisheni mpya nyingi tayari zina programu za intaneti ndani yake, na mwenye televisheni ya namna hiyo hana haja ya kutumia fedha zaidi.

Televisheni ndiyo inayoamua

Kabla ya kwenda dukani, ni vyema kutazama nyuma ya televisheni. Tundu la HDMI likiwapo, karibu kila kisanduku kitafaa. Televisheni za zamani zenye matundu ya rangi nyekundu, nyeupe na njano pekee huhitaji kisanduku chenye tundu la AV, au kigeuzi kinachonunuliwa kando.

Jambo la pili ni ung'avu wa picha. Neno "4K" lililoandikwa kwenye boksi humaanisha picha ya nukta 3840 kwa 2160. Televisheni nyingi za inchi 32 haziwezi kuonyesha hata robo ya nukta hizo. Mwenye televisheni ya aina hiyo akilipia kisanduku cha 4K, atakuwa amenunua kitu ambacho kioo chake hakiwezi kukionyesha.

Hesabu ya data

Gharama ya kisanduku hulipwa mara moja. Ya data haikomi. Kwa makadirio ya Netflix, saa moja ya picha ya kiwango cha kawaida hutumia hadi GB 1, picha ya HD hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Nyumba inayotazama saa 2 kila usiku hufikisha saa 60 kwa mwezi. Hizo ni takriban GB 60 kwa kiwango cha kawaida, GB 180 kwa HD, na GB 420 kwa 4K.

Anayetegemea kifurushi cha simu cha GB 10 atakimaliza kwa saa 10 za picha ya kawaida, au kwa saa 3 na ushei za HD. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya kila programu na kuchagua kiwango cha chini, kwani programu nyingi hupandisha ung'avu zenyewe mtandao unapokuwa na kasi. Kuhusu kasi, Netflix hupendekeza Mbps 5 kwa picha ya HD kamili na Mbps 15 kwa 4K.

Hatari iliyojificha

Hapa ndipo methali isemayo rahisi huvunja upishi inapothibitika. Tarehe 5 Juni 2025, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu mtandao wa wahalifu uitwao BADBOX 2.0. Vifaa vya bei ya chini, vikiwamo visanduku vya televisheni, vilikutwa na programu hasidi ambazo nyingine ziliwekwa kabla ya mnunuzi kufungua boksi. Mwezi uliofuata Google ilifungua mashtaka mjini New York ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeambukizwa. Kabla ya hapo, mnamo Desemba 2024, mamlaka ya usalama wa mitandao ya Ujerumani ilikuwa imekata mawasiliano ya vifaa vipatavyo 30,000 vilivyokuwa na maradhi kama hayo.

Kisanduku kilichoambukizwa huendelea kuonyesha filamu kama kawaida. Kazi yake nyingine hufanyika kimyakimya: wahalifu hupitisha shughuli zao kupitia intaneti ya nyumba husika, hata wakifuatiliwa ionekane mwenye nyumba ndiye mtendaji. Data nayo huliwa hata wakati hakuna anayetazama. Na kwa kuwa simu zinazotumika kutuma fedha huunganishwa na mtandao huohuo, nyumba nzima huwa imefungua mlango kwa mgeni asiyejulikana.

Dalili za kutilia shaka zinafahamika. Ya kwanza ni ahadi ya kutazama bure, maisha yote, chaneli na filamu ambazo kwa kawaida hulipiwa. Ya pili ni maelekezo ya kuzima ulinzi wa Google Play Protect, au kupakua programu kutoka duka lisilojulikana. Ya tatu ni jina la mtengenezaji kukosekana kwenye boksi.

Kinyume chake, visanduku vilivyoidhinishwa hutumia mfumo wa Android TV au Google TV, na Google huchapisha orodha ya watengenezaji inaoshirikiana nao. Xiaomi ni mmojawapo. Vingi vya bei ya chini hutumia mfumo wa Android usio na idhini hiyo, na mara nyingi hulazimisha mtumiaji kusogeza mshale kwenye kioo kana kwamba anatumia kompyuta. Bila idhini zinazotakiwa, Netflix huenda ikakataa kufanya kazi, au ikaonyesha picha ya kiwango cha chini hata kama boksi limeandikwa 4K.

Kumbukumbu, umeme na risiti

Kwa matumizi ya kawaida, RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 8 hutosha. Boksi linalotangaza tarakimu kubwa mno kwa bei ndogo mno ni la kutiliwa shaka, kwa sababu tarakimu huandikwa kwa urahisi na mnunuzi hana namna ya kuzihakiki dukani.

Wanaonunua nchi jirani wakumbuke plagi. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ya pini tatu bapa, ilhali Rwanda, Burundi na Kongo hutumia pini za mviringo. Kifaa kilicholetwa kutoka Marekani, ambako umeme ni volti 120, kikaguliwe kwanza kwenye chaja yake: maandishi "100-240V" humaanisha kitafanya kazi salama katika nchi zote hizi.

Mwisho, kisanduku kijaribiwe dukani kabla ya malipo. Muuzaji akiwashe, aonyeshe jina la mfumo, afungue programu ambayo mteja anakusudia kuitumia, kisha acheze video kwa dakika chache. Risiti iandikwe jina la kifaa na muda wa dhamana. Kwa aliyetoka ng'ambo ya mpaka, kurudi kudai haki bila karatasi ni safari ya bure. Na iwapo nyumbani tayari kuna kisanduku chenye dalili zilizotajwa, hatua ya kwanza ni kukitenga na intaneti, kisha kubadilisha nywila za ruta na za akaunti zote zilizowahi kufunguliwa humo.