Saa za Nani? Ajira ya Kazi za Nyumbani na Kipimo cha Muda Murukulazo

Muuguzi wa zahanati anayetoka zamu ya usiku, mwalimu anayesahihisha madaftari hadi taa inazimwa, mfanyabiashara wa kahawa anayeondoka alfajiri na kurudi gizani: katika kaya kama hizi, Murukulazo kama kwingineko katika wilaya za Ngara na Biharamulo, huja jioni ambapo mume na mke hukaa wakaulizana kama umefika wakati wa kutafuta mtu wa kazi. Mazungumzo hayo kwa kawaida huanzia kwenye mshahara na kuishia hapo hapo. Pesa ikionekana kutosha, shangazi wa kijiji cha jirani hupigiwa simu, na baada ya siku chache binti hufika na mfuko wake wa nguo. Makala haya yanadai kwamba uamuzi huo hupimwa kwa kipimo kisicho chake. Kinachonunuliwa ni saa za mtu, na kaya isiyokuwa tayari kuzihesabu saa hizo haijawa tayari kuajiri, hata kama pesa ipo.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Anayetafuta mtu wa usafi Dar es Salaam huwaza deki, vyombo na nguo. Kijijini, sehemu kubwa ya kazi za nyumbani hufanyika nje ya nyumba: maji, kuni, uwanja, bustani ya mboga. Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20, na kaya ya watu sita haimalizi siku kwa madumu mawili. Ziko ndizi za kumenya, na maharage yanayokaa mafigani kwa saa kadhaa huku mtu akiuchochea moto. Kabla ya kuuliza nani ataifanya kazi hii, kaya ingejiuliza ni ipi kati yake inayoweza kupungua. Kagera, mkoa wa wilaya hizi, hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Paa la bati lenye mfereji na pipa chini yake huokoa safari nyingi za kisimani. Jiko banifu hupunguza kuni, na maharage yaliyolowekwa usiku huiva mapema. Kumkabidhi binti wa watu mzigo ambao ungeweza kupunguzwa kwa mfereji wa bati ni dhuluma, na nasema hivyo nikijua kwamba wengi wanaoifanya ni watu wema.

Kwamba saa za kazi za nyumbani hazifutiki, bali huhamia kwa mwingine, Kagera ina ushahidi wake. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa siku moja na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco, walikopokelewa, ikawa mji ndani ya wiki chache. Beth Whitaker, aliyetafiti maisha ya wenyeji wa magharibi mwa Tanzania katika miaka hiyo, ameeleza jinsi wanavijiji walivyowatumia wakimbizi kulima, kujenga nyumba, kuchunga mifugo, kuteka maji na kuleta kuni. Hata kaya za kawaida, zisizo na mshahara wa serikali wala duka, ziliweza kumlipa mtu abebe mzigo wao wa nyumbani, na mara nyingi malipo yalikuwa chakula.

Mwaka 2018, Isabel Ruiz na Carlos Vargas-Silva walichapisha uchambuzi wa takwimu za kaya za Kagera zilizoanza kukusanywa 1991, kabla ya wimbi lile, wakaangalia nani alifanya nini baadaye. Matokeo yao yangepaswa kusomwa na kila anayeshughulika na maendeleo ya mkoa huu. Kwa jumla, wanawake wa maeneo yaliyopokea wakimbizi walipungua katika ajira za nje na kuzidi katika kazi za nyumbani ikilinganishwa na wanaume. Lakini ndani ya wastani huo kulikuwa na njia mbili. Wanawake waliojua kusoma na kufanya hesabu rahisi za kuandika waliongezeka katika kazi za nje; wasiojua walielekea upande mwingine. Watafiti hao hawakusema kwamba mwanamke wa kwanza alimwachia wa pili mzigo wake, nami siwawekei maneno mdomoni. Ninachokichukua kwao ni kwamba mtikisiko mmoja wa soko la kazi uliwafungulia mlango baadhi ya wanawake na kuwafungia wengine, na kilichowatenganisha ni elimu. Mwalimu wa leo anayemchukua binti aliyeishia darasa la saba yuko kwenye njia panda ile ile.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimtengi mfanyakazi wa majumbani. Inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na mwenye miaka 14 inamruhusu kazi nyepesi tu isiyomharibia masomo wala afya. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki. Kuna likizo ya siku 28 kwa mwaka na mapumziko ya saa 24 kila wiki. Hata pale makubaliano ya maandishi yanapopunguza mapumziko ya kati ya siku na siku, hayashuki chini ya saa 8. Maneno haya yote ni mazuri, na karibu yote hukwama mlangoni, kwa sababu hakuna anayeandika binti ameamka saa ngapi.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo liko ndani ya sheria yenyewe. Amri ya Mshahara ya 2013 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa majumbani asiyelala kwa mwajiri kuwa shilingi 80,000 kwa mwezi, na anayelala kwa mwajiri 40,000. Amri ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilipandisha viwango hivyo hadi 120,000 na 60,000. Kima kilipanda, uwiano haukusogea: anayelala kwa mwajiri alibaki kwenye nusu. Hoja inayotolewa ni kwamba nusu nyingine ameila na kuilalia. Hoja hiyo ingesimama kama wawili hawa wangefanya kazi saa sawa, na kila aliyekulia katika nyumba yenye dada wa kazi anajua kwamba hawafanyi. Tugawe kwa viwango hivyo vya 2022. Saa 45 kwa wiki ni saa 195 kwa mwezi, kwa hiyo shilingi 60,000 ni kama 308 kwa saa. Sasa tumchukue binti anayeamka saa kumi na moja alfajiri, analala saa tatu usiku, na katika saa hizo 16 anapata nne za kula na kupumzika, siku zote saba. Anafanya saa 84 kwa wiki, karibu 364 kwa mwezi. Malipo yake kwa saa ni shilingi 165. Mwajiri anayejivunia kulipa kima halali, na kweli anakilipa, ananunua saa kwa karibu nusu ya bei ambayo sheria iliikusudia.

Hapa ndipo Murukulazo ina cha kuifundisha wizara inayohusika na kazi. Watu wa Ngara na Biharamulo wanajua kuajiri. Wamekuwa wakifanya hivyo mashambani kwa vizazi. Wakati wa palizi kibarua huonyeshwa ngwe yake, bei hupatanwa kabla jembe halijagusa udongo, kazi ikiisha hulipwa na kwenda zake. Mwenye shamba hamwambii kibarua kwamba ni kama mwanawe na kwa hiyo aendelee hadi usiku. Kibarua huyo ana haki chache, na anapokuwa Mrundi aliyevuka mpaka bila karatasi, hasa baada ya Operesheni Kimbunga ya 2013, ule msako wa wahamiaji wasio na vibali, hana hata mahali pa kulalamikia. Sisemi shamba ni pepo. Nasema kwamba shambani kazi ina mwanzo na mwisho unaoonekana kwa macho, na kazi ya ndani imenyimwa vyote viwili kwa jina la undugu.

Tuihamishie desturi hiyo ndani ya nyumba. Kaya ikubaliane na mama wa jirani, mtu mzima mwenye kwake, aje siku mbili kwa wiki, saa nne kila siku: kufua, kupiga deki, kujaza mapipa. Tukichukua kiwango cha asiyelala kwa mwajiri katika amri ya 2022, kama shilingi 615 kwa saa, gharama ya mwezi ni karibu 21,300. Kaya ikiamua kumlipa maradufu, kama ningeshauri, ni karibu 42,700. Bado ni chini ya 60,000 za binti wa kulala katika amri hiyo hiyo, kabla ya kuhesabu chakula, sabuni, dawa na nauli ya kumrudisha kwao. Anayehesabu saa hugundua kwamba alikuwa anahitaji chache kuliko alivyodhani.

Mtoto mchanga ndiye pingamizi la kweli, na haliondoki kwa hesabu hii. Mtoto wa mama wa zamu za usiku hawezi kulelewa na mtu wa siku mbili kwa wiki. Kulea ni ajira ya kutwa na ilipwe hivyo. Mwaka 2023 mtumishi wa umma wa ngazi ya chini kabisa alipokea 370,000 kwa mwezi. Kima cha 120,000 kilikuwa karibu theluthi ya pesa hiyo kabla ya makato. Ni mzigo mkubwa, na jibu lake haliwezi kuachiwa kaya moja. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatambua vituo vya kulelea watoto mchana. Kaya tatu nne zenye watoto wadogo, zahanati yenye wauguzi na shule yenye walimu, zinaweza kuanzisha kimoja karibu na mahali watu wanapofanyia kazi, na mlezi akapata mshahara unaomfaa mtu mzima.

Nimesema mume na mke hukaa wakaulizana. Mara nyingi anayeuliza ni mke, kwa sababu saa zinazotafutiwa mtu ni zake. Janet Bujra, katika kitabu chake cha 2000 kuhusu utumishi wa majumbani Tanzania, ameonyesha kwamba katika ukoloni watumishi hao walikuwa hasa wanaume: walipika, walifua, walipiga pasi kwa ujira. Mikono ile ile ya kiume iliyoweza kufua shati la mzungu inaweza kufua nepi. Kabla ya kupiga simu kwa shangazi, saa za mume ziwekwe mezani nazo zihesabiwe.

Litaulizwa swali la huruma: binti atakwenda wapi? Nyumba ya mwalimu ina chakula na taa, na kwao havipo. Wapo walioinuliwa kweli katika nyumba hizo, wakasomeshwa ushonaji au wakarudishwa shule, na sitaki kuudharau wema huo. Lakini anayetaka kumlea amlee: ampe daftari, muda wa kulisoma na kitanda, bila kumwita mfanyakazi. Anayetaka kazi ifanyike amwajiri mtu mzima kwa karatasi yenye saa, siku ya mapumziko na kiasi cha malipo, na mtendaji wa kijiji aishuhudie kama anavyoshuhudia mauziano ya shamba. Vikichanganywa viwili hivi, mlezi anapata mtumishi asiyelipwa sawasawa, na binti hapati elimu wala mshahara. WoteSawa, shirika la Mwanza lililoanzishwa na Angela Benedicto, ambaye mwenyewe alianza kama mtumishi wa ndani, limeweka wasichana wanaofanya kazi za nyumbani mbele ya madai yao wenyewe. Amri ya mshahara ijayo ingewasikiliza, kiwango cha nusu kikaondolewa, na thamani ya chakula na malazi ikaandikwa kando kwa shilingi ili mwajiri aone anakata nini na mfanyakazi aweze kubisha.