Rubani na mwongoza ndege

rubani nm (wingi: marubani) [Kar] 1. mwelekezi wa chombo cha baharini. 2. mtu arushaye ndege.

mwongoza ndege nm (wingi: waongoza ndege) mtaalamu atoaye kwa redio, aghalabu kutoka mnarani, kibali cha kuruka au kutua.

Matumizi: Maana ya kwanza ya *rubani* huwapoteza wafasiri: baharini ndiye aelekezaye, angani huelekezwa. Kwa hiyo andika *rubani alirusha ndege*, si *aliongoza ndege*. Tofauti hii ina uzito katika taarifa za ajali: mnara hupanga zamu za ndege za jeshi na za abiria, lakini uamuzi wa mwisho kuhusu usalama wa ndege ni wa rubani.

Mfano: *Rubani alitua Nachingwea, abiria wa Ruangwa wakaendelea kwa gari.*