Kasumba

Muuguzi wa huduma za majumbani alitoa chupa ya plastiki kwenye mkoba wake, akaiweka juu ya stuli karibu na kitanda, akaanza kueleza: mililita tano kila baada ya saa nne, na dozi ya usiku iwe maradufu ili mgonjwa apate kulala. Mama mkubwa akauliza ni dawa gani.

"Mofini, mama. Ya maumivu."

Mama mkubwa akageuzia uso ukutani. "Hiyo ndiyo iliyomla mwanangu," akasema. "Irudishe."

Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kufika kwenye mifupa ya kiuno. Panadol haikumsaidia tena, wala vile vidonge vikali zaidi tulivyonunua baadaye. Mwanawe wa pekee, ambaye mimi namwita kaka, alitumia unga kwa miaka tisa, kwanza akiuvuta, kisha akijidunga. Wakati huo alikuwa mwaka wa pili kwenye methadoni: kila asubuhi anakwenda kliniki, anakunywa dawa yake mbele ya mhudumu, anarudi nyumbani. Siku ile alikuwa amesimama mlangoni, na alisikia. Muuguzi hakuirudisha chupa. Alituambia tumpe mgonjwa muda. Alipoondoka nikaifungia kabatini, ufunguo nikautia kwenye pochi yangu. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu vyama vya ushirika vya pamba, jambo lisilogusana kabisa na chupa ile. Lakini wiki hiyo pamba ilinishinda. Nikawa nasoma habari za kilichomo kabatini.

Nilianza na neno. Sisi wa rika langu tunalijua neno kasumba kutoka kwenye hotuba: kasumba ya kikoloni, kasumba ya kupenda vya nje. Ukifungua kamusi, maana ya kwanza ya kasumba ni afyuni. Huko Gujarat, kasumbo ni afyuni iliyolowekwa majini na kuchujwa, ambayo wenyeji waliwakaribishia wageni barazani kama watu wa pwani yetu wanavyotoa kahawa. Wafanyabiashara wa Gujarat na Kachchh walikuwa Unguja enzi za Seyyid Said na hata kabla yake, na sioni kwa nini neno lisingepanda jahazi pamoja nao. Baadaye tukakisahau kitu chenyewe, tukabaki na ulevi wa akili.

Kitu chenyewe ni utomvu. Tumba bichi la mpopi likichanjwa kwa kisu hutoa maziwa kama ya papai changa. Yakiachwa usiku kucha hugeuka kahawia, na asubuhi hukwanguliwa. Kwa maelfu ya miaka watu wameyatumia kutuliza maumivu, kikohozi na kuhara. Tatizo lilikuwa kipimo. Donge la mwaka huu lilimlaza mgonjwa, donge la mwaka uliofuata likamuua, na mganga hakuwa na njia ya kujua tofauti.

Aliyetegua kitendawili hicho alikuwa mdogo kuliko mimi. Friedrich Sertürner alikuwa msaidizi katika duka la dawa mjini Paderborn, Ujerumani, ana umri wa miaka 21 hivi, alipofanikiwa kuitenga nguvu ya afyuni ikawa chembechembe nyeupe, kati ya 1804 na 1805. Akaiita kwa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki. Baadaye aliijaribu mwilini mwake na kwa vijana watatu, dozi juu ya dozi ndani ya muda mfupi, hadi akaona hatari na kuwanywesha siki kali ili watapike. Leo kamati yoyote ya maadili ya utafiti ingemfukuza. Lakini kuanzia hapo daktari aliweza kupima. Sindano ya kudunga chini ya ngozi ilipokuja mwaka 1853, mofini ikaingia mwilini kwa haraka, na kukawa na watu wazima wenye heshima zao, wengi wao waliofundishwa na madaktari wao wenyewe, wasioweza kuamka bila hiyo.

Sayansi ikatafuta mofini isiyo na mtego. Mwaka 1874 mkemia C. R. Alder Wright, hospitali ya St Mary's, London, alichemsha mofini pamoja na kemikali nyingine akapata kitu kipya, kisha akakiacha. Mwaka 1897, katika maabara ya kampuni ya Bayer huko Elberfeld, Felix Hoffmann akakitengeneza upya. Ndani ya wiki hizo hizo mbili, mwezi Agosti, mikono yake ilitoa dawa mbili: Aspirin na hii. Hii ikaingia sokoni mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi, ikasifiwa kuwa haina uraibu. Jina lake la biashara, linalosemekana kutokana na neno la Kijerumani la ushujaa, likawa Heroin.

Mwaka huo huo wa 1897 Wajerumani walimaliza kujenga hospitali yao ufukweni Dar es Salaam, ile tunayoijua leo kama Ocean Road, taasisi ya saratani. Ni sadfa tu. Hata hivyo kila ninapopita pale naikumbuka.

Heroini si kitu kigeni kwa mofini. Ni mofini iliyovalishwa koti linaloiwezesha kupenya haraka kuingia kwenye ubongo. Ikishafika, mwili unaivua lile koti, inakuwa mofini tena. Huko inakuta vipokezi ambavyo wanasayansi walivithibitisha mwaka 1973, vilivyopo kwa ajili ya dawa za maumivu ambazo mwili wenyewe huzitengeneza. Maumivu yanapungua, na hofu pia. Utumbo unalala, ndiyo maana muuguzi alituagiza tumpe mgonjwa papai kila siku. Dozi ikizidi, pumzi nayo inalala, na hicho ndicho kinachoua. Tofauti kati ya dawa ya mama mkubwa na kete za mwanawe ilikuwa kiasi, mwendo, na mkono unaotoa. Bayer waliacha kuitengeneza heroini mwaka 1913 na Marekani wakapiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1924, lakini Uingereza hadi leo daktari anaweza kumdunga nayo mgonjwa wa hospitalini, kwa jina la diamorfini.

Vita viwili vya afyuni kati ya Uingereza na China vimeandikwa sana, napita. Ninachotaka kukitazama ni mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961. Utangulizi wake unasema mambo mawili: kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu na nchi zihakikishe zinapatikana, na kwamba uraibu ni uovu wa kupigwa vita. Nchi nyingi zilisoma la pili. Tume ya jarida la Lancet ilipopiga hesabu mwaka 2017, kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Najua Wamarekani wana kisa cha upande wa pili: tangu 1996 kampuni moja iliwauzia vidonge vya OxyContin kama maji, na watu wengi wakafa. Kisa hicho ni cha kweli. Ila kukitumia kumnyima mofini mgonjwa wa Ilala ni sawa na kumkataza mwenye kiu asinywe kwa sababu jirani amezama.

Uganda walisoma sentensi zote mbili. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993, alikuja na njia rahisi mno: unga wa mofini, maji, kitu cha kuzuia isioze, na rangi ya kutofautisha nguvu. Unaweza kuichanganya jikoni. Mwaka 2004 nchi hiyo ikaruhusu wauguzi waliosomea huduma shufaa kuiandikia wagonjwa, kwa sababu vijijini daktari hayupo. Chupa ya mama mkubwa ilikuwa ya ukoo huo.

Na methadoni ya kaka? Nayo ni ya Ujerumani, ya mwishoni mwa miaka ya 1930, ikitafutwa kama dawa ya maumivu. Mwaka 1964 Vincent Dole, mtaalamu wa kemia ya mwili, na Marie Nyswander, daktari wa akili, waliijaribu New York kwa watumiaji wa heroini waliokuwa wameshindikana. Kwa mofini wagonjwa hao walikuwa wakisinzia na kungojea dozi inayofuata. Kwa methadoni, ambayo hukaa mwilini siku nzima bila kupandisha wala kuangusha, mmoja akaanza kuchora picha, mwingine akataka kurudi shule. Dole alisema huu ni ugonjwa kama mwingine. Wengi hawakumwamini, na ukoo wetu hauamini hadi leo.

Pwani yetu heroini ilikuja miaka ya 1980, ya kahawia, ya kuvuta. Kuelekea mwaka 2000 ikaja nyeupe inayoyeyuka majini, na hapo sindano zikaanza. Mwaka 2005 watafiti waliandika kuhusu jambo walilolikuta Dar es Salaam kwa wanawake wasio na fedha ya kete: aliyejidunga anavuta damu yake irudi kwenye bomba, anampa mwenzake ajidunge, ili arosto impungue. Niliposoma hayo nilifunga kompyuta. Nilimwuliza kaka kama aliwahi kuona. Akasema, "Mdogo wangu, kuna maswali mengine uwe unayaacha kwenye vitabu."

Februari 2011 kliniki ya methadoni ikafunguliwa Muhimbili, ikihesabiwa ya kwanza ya umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Virusi vya Ukimwi ndivyo vilivyoisukuma, zaidi ya huruma kwa mateja. Si haba.

Aliyemshawishi mama mkubwa ni kaka. Mimi nilikuwa na tarehe na majina yote haya, na hayakunifaa kitu. Yeye aliketi sakafuni kando ya kitanda, akamwambia, "Mama, mimi niliitafuta ili nisiwepo. Wewe unaitaka ili uwepo. Kunywa." Mama mkubwa akanywa, akauliza mbona chungu hivi. Usiku huo alilala hadi alfajiri. Kesho yake aliomba uji, akauliza habari za watu.

Ufunguo ulibaki kwangu. Nilikuwa nampa dozi mwenyewe, na kila jioni nilichora mstari kwa kalamu ubavuni mwa chupa. Kaka aliiona mistari. Hakusema neno.

Wiki ya tatu nilikwenda chuoni kuwasilisha andiko langu. Mvua ikanyesha, Jangwani ikafungwa, daladala za kupitia Buguruni sikuziona hadi usiku ukaingia. Nikalala hosteli. Saa nane usiku simu ikaita.

"Ufunguo uko wapi?"

Ulikuwa kwenye pochi, chini ya mto wangu.

"Mama anaumia tangu saa nne," akasema kaka. Nyuma yake nilimsikia. Siwezi kuieleza ile sauti. "Sitaki kuvunja kabati, halafu mkasema nimerudia."

Nilinyamaza. Ningependa kuandika kwamba ulikuwa mtandao. Kisha nikasema avunje.

"Niandikie meseji," akasema. "Andika kwamba umeniruhusu wewe."

Nikaandika. Saa nne nzima alikuwa amemkanda mama yake kwa maji ya moto mbele ya kabati la mbao ambalo kisu cha jikoni kilitosha kulifungua.

Asubuhi nilipofika, mlango wa kabati ulikuwa umeegemezwa ukutani na misumari yake imewekwa kwenye kisosi. Mama mkubwa amelala. Jambo la kwanza nililofanya, kabla sijamgusa, ni kuinua chupa kwenye mwanga wa dirisha na kutazama mstari. Zilikuwa zimepungua mililita kumi, zile zile za usiku. Nilipogeuka kaka alikuwa nyuma yangu ameshika birika.

Alifariki siku kumi na moja baadaye. Siku ya maziko kaka aliondoka alfajiri kwenda kunywa dawa yake kwanza, na baadhi ya wajomba wakanong'ona, hata leo? Alirudi kabla ya sala, akaingia kaburini kumpokea mama yake.

Muuguzi alikuja baada ya arobaini kuchukua kilichobaki. Alipima, akaandika kwenye daftari lake, akauliza nani alikuwa akimpa mgonjwa dawa, atie sahihi. Nikamwonyesha kaka. Aliinama akaandika jina lake lote, taratibu, herufi kubwa, kisha akavaa viatu akaondoka mbio, maana dirisha la kliniki lilikuwa linakaribia kufungwa.